Friza ya bia ya bomba nyumbani: dalili, chanzo na namna ya kuirekebisha

Simu ninazopigiwa kuhusu friza hizi huja zaidi Jumamosi jioni, wageni wameshakaa, na karibu zote huanza na maneno yale yale: "Fundi, inatoa povu tu." Kabla ya lolote lingine huwa nauliza, bia iliyo kwenye glasi ina nyuzi ngapi? Kimya. Kisha mtu ananiambia, "Ila presha nimeshapunguza."

Hapo najua nina matatizo mawili badala ya moja. Kwa joto la Dar es Salaam, sehemu kubwa ya matatizo yanayoonekana bombani yameanzia kwenye joto, lakini mkono wa mtu hukimbilia regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka mtungini, kwa sababu ndiyo yenye kitasa cha kuzungusha. Usiiguse kabla hujapima joto. Nitarudia hilo zaidi ya mara moja humu, maana nimeona bia nyingi nzuri zikimwagwa chooni bila kosa lolote la bia yenyewe.

Ninaposema friza ya bia nina maana hii: friza ya kawaida ya mfuniko wa juu, ambayo kati ya sanduku na mfuniko imepandishwa fremu ya mbao ya sentimita 15 hadi 20. Mabomba yamepita kwenye fremu hiyo. Ndani kuna kegi (mapipa ya chuma ya bia) mbili au tatu, mtungi wa CO2, yaani gesi ya kaboni dioksidi, na regyuleta. Nje kuna kontrola ndogo ya joto iliyokaa kati ya soketi ya ukutani na plagi ya friza, ikikata umeme bia ikifika nyuzi 3 na kuurudisha ikipanda. Bila kontrola, friza itafanya kazi iliyoundiwa, yaani kushuka hadi 18 chini ya sifuri, na bia ya kawaida huanza kuganda ikishuka nyuzi 2 au 3 tu chini ya sifuri.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: kipimajoto cha jikoni chenye ncha, chupa ya kupulizia maji ya sabuni, mizani na multimita. Mwenye hivyo vinne hahitaji kubahatisha.

Povu tupu

Nianze na kisa, kwa sababu kina karibu kila kitu ndani yake. Nilikwenda Kimara kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa anamwandalia binti yake sendofu. "Shikamoo mzee." "Marahaba fundi, njoo uone aibu hii." Akavuta bomba mbele yangu. Vidole viwili vya bia chini, juu yake povu hadi mdomoni mwa glasi, na lingine likitiririka mkononi. Geji ndogo ya regyuleta, ile ya presha inayokwenda kegini, ilisoma psi 5 (psi ni kipimo cha presha). Alikuwa ameishusha kutoka 12 kidogo kidogo tangu asubuhi, na kila alivyoshusha povu liliongezeka.

Nikaomba glasi tatu safi, nikazijaza mfululizo bila kusubiri, nikapima kila moja. Ya kwanza nyuzi 11. Ya pili 7. Ya tatu 4, na hiyo ya tatu ilitoka vizuri, yenye shela, yaani kofia nyeupe ya povu, ya vidole viwili juu. Kegi ilikuwa baridi kabisa. Bia iliyokuwa imesimama kwenye mpira, juu kule kwenye fremu, ndiyo ilikuwa na joto.

Hewa baridi ni nzito, inalala chini. Friza ya mfuniko wa juu ni kama beseni la baridi: sakafuni unaweza kupata nyuzi 1 wakati juu, kwenye mabomba, kuna 10 au 12, hasa mbao ikipigwa na joto la sebule. Bia inatoka kegini ikiwa imetulia, inafika kwenye mpira wa moto na chuma cha moto, gesi inajitenga na bia, na unachokipata kwenye glasi ni povu. Kwa hiyo glasi ya kwanza ikiwa na povu na ya tatu ikiwa nzuri, tatizo ni joto la juu ya friza. Regyuleta haihusiki.

Dawa yake ni feni ya kompyuta, ile ya volti 12 na upana wa sentimita 12, inayopatikana Kariakoo kwenye maduka ya spea za kompyuta hata ikiwa imetumika. Ifunge karibu na sakafu, uiunganishe na bomba la PVC linalopanda hadi kwenye fremu, ili ivute baridi ya chini na kuimwaga nyuma ya mabomba. Iwashe muda wote, umeme inaokula ni kidogo mno. Pale Kimara baada ya saa moja na nusu glasi tatu zilisoma 6, 4 na 4. Nikarudisha presha kwenye 11 na mzee akaacha kufuta sakafu.

Kwa nini kushusha presha kuliongeza povu? Gesi iliyo ndani ya bia inashikiliwa na vitu viwili, baridi na presha. Bia nyingi za lager zina ujazo wa gesi wa karibu 2.5, yaani lita moja ya bia imebeba lita mbili na nusu za CO2. Kuishikilia hapo kwa nyuzi 3 unahitaji karibu psi 11. Kwa nyuzi 10 unahitaji kama 18. Ukiiweka kwenye 5 gesi haina cha kuizuia, inatoka ndani ya mpira kabla bia haijafika bombani. Utaona vipovu vikitembea kwenye mpira kama shanga. Na ukiiacha hivyo wiki moja, bia ya kegi nzima itakuwa imepoteza gesi.

Ndugu zangu wa Arusha wakikuambia wao wanatumia psi 13 wasibishiwe, na wewe usiwaige. Wako mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yao ni nyepesi, na geji yao inahitaji karibu psi 2 zaidi kufikia kitu kile kile. Sisi tuko pwani, namba za kwenye majedwali ya presha na joto zinatufaa kama zilivyo.

Sasa, ikiwa glasi ya kwanza, ya tatu na ya sita zote ni povu, na zote zina nyuzi 3 au 4, hapo ndipo unaacha joto na kutazama mpira. Nimekuta watu wametumia mpira wa levo, ule mweupe unaoonyesha maji ambao mafundi ujenzi wanapimia msingi. Ni mpana mno na unatia bia harufu ya plastiki. Mpira wa bia una tundu la karibu milimita 5 na unahitaji urefu wa mita 3 hivi kwa kila bomba, wakati mwingine zaidi kidogo. Watu huona urefu huo ni upotevu, kegi iko sentimita 50 tu kutoka bombani, wanaukata. Lakini urefu ndio breki. Bia inaondoka kegini na psi 11, na lazima msuguano wa mpira uimalize presha hiyo njiani, ifike bombani imechoka. Ukikata mpira inafika na hasira zake zote. Uviringishe vizuri juu ya kegi, ufunge na uzi, uhakikishe haujajikunja mahali.

Ukiongeza upana wa mpira, breki inapungua haraka sana. Mpira wa tundu la milimita 6 ungekutaka urefu mara tatu au zaidi kwa kazi ile ile. Tafuta tu mwembamba.

Sababu nyingine za povu nitazipitia haraka. Bomba lisifunguliwe nusu. Livute lote kwa mara moja, maana tundu likiwa dogo bia inapita kwa nguvu na kuvurugika. Kegi iliyosafirishwa kwa bajaji kutoka Mbagala leo asubuhi isifunguliwe leo mchana, iache ilale kwenye baridi siku nzima na usiku wake. Vipovu vinavyoanzia pale pale mpira unapoungana na kegi maana yake oringi (pete ya mpira) ya mrija wa ndani imechakaa na gesi inaingia kwenye bia kupitia hapo; oringi ni ndogo, ibadilishe usisubiri. Na kegi ikiwa inakohoa, inatoa bia, gesi, bia, gesi, inyanyue kwanza. Huenda imeisha tu.

Bia haina gesi, au shela inapotea mara moja

Tenganisha mambo mawili. Ukionja na ulimi hausikii mchomo wowote, bia imepoteza gesi. Ukionja ukasikia mchomo lakini shela imetoweka kabla hujakaa, tatizo ni glasi.

Glasi zetu zinafanya kazi nyingi. Asubuhi ilibeba maziwa, mchana juisi ya parachichi, ikaoshwa kwenye beseni moja na sufuria ya mchuzi, ikafutwa na kitambaa cha jikoni chenye mafuta. Mafuta huua shela. Sabuni isiyosuuzwa nayo pia. Chukua glasi, ilowanishe kwa maji, imwage. Maji yakikaa kama utando mmoja, glasi ni safi. Yakijikusanya matone matone au ukaona vipovu vimeng'ang'ania ubavuni baada ya kumimina bia, kuna mafuta. Tenga glasi za bia, zioshe peke yake, zikauke zenyewe zikiwa zimeinamishwa kwenye waya na si juu ya kitambaa.

Kama ni bia yenyewe, angalia kama valvu ya mtungi iko wazi, kama kijiko, ule mkono mdogo wa kufungia gesi chini ya regyuleta, kiko wazi, kama geji ndogo inasoma kile ulichokiweka. Bia mpya uliyoitengeneza nyumbani na kuitia kegini inahitaji siku 7 hadi 10 hivi ikiwa baridi na kwenye presha ya psi 11 au 12 ili kunywa gesi yake. Kuna wanaoweka psi 30 na kuitikisa kegi ili wapate siku hiyo hiyo. Inawezekana, lakini wengi wanapitiliza, na bia iliyozidi gesi inakurudisha kwenye povu kwa siku kadhaa. Mimi nangoja.

Gesi inaisha kabla ya kegi

Hesabu hii ishike. Kegi moja ya lita 19 inakula gramu 150 hadi 170 za CO2, ukihesabu kuitia bia gesi na kuisukuma mpaka tone la mwisho. Mtungi wa kilo 5 kwa hiyo unapaswa kuhudumia kegi karibu 30. Ukiisha kwenye kegi ya pili, gesi nyingine yote imekwenda hewani.

Ila kwanza hakikisha kweli umeisha. CO2 ndani ya mtungi ni kimiminika, na geji kubwa, ile ya presha ya mtungi, inafuata joto lake, haionyeshi kilichobaki. Mtungi uliokaa sebuleni kwenye nyuzi 30 utasoma karibu bar 71 (bar moja ni kama psi 14.5). Uingize ndani ya friza kwenye nyuzi 3, baada ya saa chache utasoma 37 hivi. Mteja wangu mmoja wa Sinza aliurudisha mtungi dukani akilalamika umevuja nusu usiku mmoja, ulikuwa umejaa. Geji itakaa pale pale wiki na wiki, kisha kimiminika kikiisha itaanguka ndani ya siku moja. Anayetaka kujua kilichobaki apime kwa mizani, atoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni.

Kuvuja kunatafutwa kwa maji ya sabuni. Pulizia kila kiungo: nati ya mtungi, shina la valvu, klipu za mpira, viungo vya kegi, ukingo wa mfuniko wa kegi. Kaa nacho dakika nzima usikimbie, uvujaji mdogo unaonyesha kipovu kimoja kinachovimba polepole kama cha mtoto anayepuliza mate. Sehemu ninayokuta mara nyingi ni nati ya mtungi, kwa sababu washa ya plastiki inayokaa hapo imesahaulika au imetumika mara tano. Washa mpya kila unapobadilisha mtungi. Tepu nyeupe ya mafundi bomba haisaidii hapo, kwa sababu kinachoziba ni washa, nyuzi za skrubu zinabana tu.

Nyingine inatokana na manunuzi ya mtandaoni. Regyuleta ya Marekani ina nyuzi za skrubu zenye upana wa inchi 0.825 na mitungi ya mfumo wa Ulaya ina milimita 21.8, ambayo ni kubwa kidogo. Zote zina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo zinashikana kidogo na mtu anadhani zimefaa. Hazifai. Usilazimishe kwa spana kitu kinachobeba bar 70. Nunua kiunganishi sahihi au regyuleta ya mfumo wa mtungi wako.

Na tafadhali, mtungi wa kizimamoto cha CO2 usiutumie. Najua unapatikana kirahisi na unafanana. Ndani yake kuna mrija unaofika chini, ambao kazi yake ni kutoa kimiminika badala ya gesi. Kimiminika kikiingia kwenye regyuleta inaganda, inafanya barafu nyeupe nje, na mwisho viwambo vya ndani vinapasuka. Ukiona regyuleta yako inaota barafu wakati bomba limefungwa, funga valvu ya mtungi mara moja.

Umeme umekatika, umerudi, mambo yameharibika

Umeme ukikatika, usifungue mfuniko. Kegi mbili zilizojaa ni karibu lita 40 za kimiminika baridi; zitajitunza saa nyingi ukiziacha. Kila "ngoja nitazame" inamwaga baridi yote ya juu.

Ukikatika muda mrefu na bia ikapanda hadi nyuzi 15, gesi inatoka kwenye bia na presha ndani ya kegi inapanda yenyewe, hata kufika psi 20 na zaidi. Hapo mtu anavuta pete ya kupunguza presha, inalia fssss, anaridhika. Kumbe amemwaga gesi ya bia yake. Funga tu kijiko cha gesi, umeme ukirudi poza kegi mpaka nyuzi 3, subiri hadi kesho yake, gesi itarudi ndani ya bia ilikotoka. Kisha fungua. Valvu ndogo ya kuzuia kurudi nyuma kwenye mpira wa gesi ni lazima, vinginevyo presha hiyo inaweza kusukuma bia hadi kwenye regyuleta.

Umeme unaporudi kwa kishindo ndipo kompresa zinapokufa. Gesi ya kupozea inahitaji dakika chache kusawazika. Kompresa ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo inaunguruma, inakata klik, inaunguruma tena. Weka kwenye kontrola ucheleweshaji wa dakika 5, na mbele yake kifaa cha kulinda friji. Kama mlio huo unausikia jioni bila umeme kukatika, pima volti kwenye soketi friza ikijaribu kuanza. Kawaida yetu ni 230. Ikishuka chini ya 190 unahitaji stebilaiza, na uache kutumia ekstensheni nyembamba inayobeba pia pasi na birika.

Friza inawaka na kuzima kila dakika, au haizimi kabisa

Kihisi cha kontrola kikining'inia hewani kitaona joto kila mfuniko unapofunguliwa. Kibandike ubavuni mwa kegi, katikati ya urefu wake, ukifunike na kipande cha sponji nene na tepu ili kisome bia badala ya hewa. Tofauti ya kuwaka na kuzima iwe nyuzi 1 hadi 2. Kitasa cha friza yenyewe kiache kwenye baridi ya juu kabisa, kisishindane na kontrola.

Isipozima kabisa, tafuta mahali baridi inapovujia nje. Zima taa za chumba usiku, weka tochi kubwa inayowaka ndani, funga mfuniko, zunguka ukitazama. Mwanga ukipenya, hewa inapenya. Fremu za mbao ya paini isiyokauka hujipinda masika inapoanza. Niliwahi kutengeneza moja kwa mbao za haraka haraka za mwezi Februari na kufikia Aprili kona moja ilikuwa imeinuka kiasi cha kuingiza sarafu. Tangu hapo naagiza mninga mkavu kwa mafundi wa Keko, unagharimu zaidi lakini hautembei. Ndani ya fremu gundisha stairofomu ya sentimita 3, viungo vyote jaza silikoni.

Ubavu wa friza ukiwa wa moto, hiyo ni kawaida. Friza nyingi zimeficha mabomba ya kutolea joto ndani ya kuta. Ziache zipumue: sentimita 10 kutoka ukutani pande zote, na zisikae barazani jua la saa tisa linapopiga.

Kwa sababu hiyo hiyo, kamwe usitoboe ubavu wala sakafu ya friza. Ndani ya kuta hizo kuna mabomba ya gesi ya kupozea, huyaoni. Toboa fremu ya mbao tu. Ndiyo maana tunaiweka. Friza nyingi mpya zina gesi ya R600a, imeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, na inashika moto. Aliyekwisha kutoboa akasikia mvuke unatoka, asiguse swichi wala plagi, afungue madirisha, atoe watu nje, aizime kwenye swichi kuu kama iko mbali na chumba hicho.

Maji, ukungu na kutu

Unyevu wa pwani unaingia kila mfuniko ukifunguliwa na unageuka maji kwenye kuta. Wiki mbili bila kufuta utakuta dimbwi, mwezi utakuta ukungu mweusi kwenye raba, na baadaye kutu kwenye chuma cha sakafu. Feni ile ile inasaidia kidogo. Weka kopo la chumvi ya kalsiamu kloridi linalonyonya unyevu, ulimwage likijaa maji, maana maji yake yanakula chuma. Futa sakafu kila Jumapili. Ukungu osha kwa siki.

Ladha imebadilika

Ladha ya siki au ya siagi, mara nyingi ni bakteria walioko kwenye mpira na bomba. Ladha ya boksi lililoloa ni hewa imeingia. Kuna wanaosukuma bia kwa kompresa ya upepo ya gereji ili waokoe pesa ya CO2, na bia inakufa kati ya leo na kesho. Ladha ya plastiki, rudi kwenye mpira wa levo.

Mipira isafishwe kila wiki mbili. Mimi natumia kostiki soda ya asilimia 2, gramu 20 kwa kila lita ya maji, miwani na glavu nimevaa, na kostiki naitia kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Inazunguka au kulala ndani ya mpira dakika 20, kisha nasuuza kwa maji mengi mpaka utelezi uishe kabisa. Bomba nalifungua vipande vyote na kusugua kwa brashi ndogo. Ukimulika ndani ya bomba lisilofunguliwa miezi mitatu utaona utando wa kahawia, na huo ndio unaowaita wale inzi wadogo wa matunda. Jiki usilowekee mabomba wala kegi. Klorini yake inachimba vitundu kwenye chuma cha pua.

Mawili yasiyosubiri Jumapili

Ukigusa bomba ukasikia mshtuko, hata mdogo, chomoa plagi. Mkono uliolowa bia, miguu kwenye vigae, na bomba la chuma, hapo hakuna cha kujaribu. Nyumba nyingi nimekuta soketi ina tundu la tatu lakini waya wa ardhi haujaunganishwa popote. Mwite fundi umeme apime, na aweke breka inayokata umeme ukivuja.

Na CO2. Ni nzito kuliko hewa na haina harufu, inajaa kwenye friza kama maji kwenye ndoo. Mtungi ukivuja usiku, asubuhi ukiinama na kichwa ndani kuchukua kegi unavuta gesi tupu, na unaweza kuzimia ukiwa umeinama. Fungua mfuniko, zima gesi, washa feni ya chumba, fungua dirisha, subiri dakika kadhaa ndipo uingize mikono. Usiiweke friza hii kwenye chumba cha kulala chenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa. Kichwa kikiuma na pumzi zikienda mbio mkiwa chumba kimoja nayo, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Na mfuniko uwe na kufuli kama nyumbani kuna watoto.

Kegi ya tangawizi

Wengi siku hizi wanaweka kegi moja ya tangawizi kwa wasiokunywa pombe, na ni jambo zuri, ila inaleta malalamiko yake. Nyuzi za tangawizi zinaziba mrija, kwa hiyo chuja mara mbili, ya pili kwa kitambaa cha pamba. Sukari yake ikipata joto inaanza kuchacha, kwa hiyo iingie friza ikiwa imepoa tayari na inywewe ndani ya wiki. Soda inataka gesi nyingi kuliko bia, psi 25 hadi 30, na mpira wa mita 6 au 7, la sivyo ni povu kama lile la Kimara. Kwa presha mbili tofauti unahitaji regyuleta yenye njia mbili. Kwenye regyuleta ya njia moja weka zote kwenye 11, waambie wageni tangawizi ni laini, na mpira wa tangawizi usiuhamishie kwenye bia tena, maana ile harufu haitoki hata kwa kostiki.